Pambo la Jina na Haki ya Msomaji



Mwenye nyumba ana haki ya kupamba chumba chake cha ndani apendavyo, na hapana wa kumuuliza. Mlango wa mbele ni mas-ala mengine. Huo watazama njia, na kila apitaye huuona, atake asitake. Nakshi ikiwa nzuri, mpita njia huburudika bure. Lakini misumari ya shaba ikichomoza mpaka ikawakwaruza mabega wapitao, basi wao nao wana la kusema, hata kama mlango si wao. Watu wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Unguja hawahitaji kuelezwa zaidi, kwani vichochoro vyao ni vyembamba, na mtu na punda hupishana kwa kustahiana.

Mlango ninaotaka kuuzungumza hapa si wa mbao. Ni yale maandishi ambayo mtu huyaweka pembeni mwa jina lake katika kompyuta au simu ili ajulikane yeye ni nani, yaani huo unaoitwa siku hizi wasifu. Katika nyumba nyingi za mwambao leo yuko kijana, na pengine na shangazi yake pia, ambaye jina lake katika simu limezungukwa na nyota, maua na mabawa, na herufi zenyewe zimepindwa kama mikufu. Wazee hutikisa kichwa wakasema huu ni upuuzi wa siku hizi. Wanakosea katika hilo la "siku hizi". Jambo hili lina zaidi ya miaka hamsini, na watu walioanza kulifanya waligombana juu yake, wakaweka kanuni, wakazivunja, wakachekana hadharani. Ndani ya ugomvi wao mna swali ambalo hata sisi latuhusu: Mtu anapojipamba mbele ya watu, ni nani mwenye haki ya kusema "sasa basi"? Yeye, au yule anayelazimika kutazama?

Tuanze palipoanza. Mwaka 1971, katika maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, huko California, bwana mmoja aitwaye Les Earnest aliandika programu iliyopewa jina la Finger. Zama hizo watu wengi walikuwa wakitumia kompyuta moja kubwa kwa pamoja, na kila mmoja alitaka kujua mwenziwe yupo au hayupo. Ukimuuliza Finger habari za fulani, hukujibu jina lake kamili, na lini alionekana mara ya mwisho, na ni muda gani hajagusa mashine. Tena kila mtu aliruhusiwa kuweka faili dogo la "mpango" wake, aeleze amekwenda wapi na atarudi lini. Ilikuwa kama kile kibao cha mwenye duka: nimekwenda kuswali, narudi sasa hivi.

Lakini mwanadamu ni mwanadamu. Mpe nafasi tupu chini ya jina lake, hawezi kuiacha tupu. Polepole lile faili la mpango likawa si la mpango tena. Watu wakatia humo maneno ya hekima, mizaha, ubishi, na picha zilizoundwa kwa nukta na vistari. Huo, kwa kadiri ionekanavyo, ndio wasifu wa mwanzo uliopambwa, na utaona kuwa pambo halikuletwa na mtu muovu wala mjinga. Lilikuja lenyewe, kama ukungu unavyokuja ukutani masika.

Kisha zikaja sahihi. Mwaka 1979 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, katika jimbo la North Carolina, walibuni mtandao wa Usenet, nao ukaanza kazi mwaka 1980. Huo ulikuwa baraza kubwa la maandishi. Mtu huandika barua yake mjini kwake, na kompyuta yake huipigia simu kompyuta nyingine, mara nyingi usiku ambapo simu ni rahisi, nayo huinakili na kuipeleka mbele, mpaka ikaenea katika vyuo na makampuni. Chini ya kila barua mwandishi huweka sahihi yake: jina, mahali pa kazi, anwani. Sahihi hiyo iliandikwa mara moja tu, kisha mashine ikaitia yenyewe chini ya kila barua. Hapo ndipo palipozuka mambo.

Yafaa msomaji ajue vifaa walivyokuwa navyo mafundi wale. Kanuni ya herufi za kompyuta iliyoitwa ASCII, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1963, ina alama 95 tu za kuandikika, na katika hizo moja ni nafasi tupu. Hamna rangi humo, hamna herufi za Kiarabu, hamna hata herufi ya kulala. Kwa alama hizo 95 watu walichora ngome, majahazi, paka, panga, na majina makubwa ambayo kila herufi yake imejengwa kwa herufi ndogo ndogo, kama ukuta wa matofali. Mimi sioni haya kusema kwamba baadhi ya kazi zile ni nzuri kweli. Kumtoa paka katika mikwaju, nukta na mabano, na akaonekana ni paka, si kazi ya mtu mvivu.

Tena sisi ndio wa mwisho wa kuwalaumu watu kwa kupenda kuvisha herufi nguo. Ibn Muqla, aliyefariki mwaka 940, alizipima herufi za Kiarabu kwa nukta ya kalamu, akazipa uwiano ambao waandishi waliomfuata waliujengea juu yake. Hapa petu, ukuta wa kibla wa msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladia, na herufi zake zimechipua majani kama mti. Aliyezichonga zile hakuona kuwa herufi tupu zatosha. Kwa hiyo, kijana akikuuliza, "Je, kupamba maandishi ni vibaya?" usimjibu kwa haraka.

Sasa njoo kwenye gharama yake. Modemu ya miaka ile, khasa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, ilipokea kiasi cha herufi 30 kwa sekunde. Kioo kizima cha kompyuta kilikuwa na mistari 24, na kila mstari una nafasi 80. Piga hesabu: sahihi ya kujaza kioo ni herufi 1,920, nazo zahitaji zaidi ya dakika nzima kuteremka, mstari kwa mstari, huku msomaji amekaa anangoja. Na barua yenyewe pengine ilikuwa na maneno mawili: "Nakubaliana nawe." Kesho yake mtu yule yule huandika barua nyingine ya maneno mawili, na lile jahazi lake la nukta huja tena zima zima, na tanga lake na nanga yake. Tena msomaji alilipa simu kwa dakika.

Ndipo pakazuka kanuni ya mistari minne: sahihi isizidi mistari minne, na kila mstari usizidi herufi 80. Hizo ni herufi 320, kiasi cha sekunde 11 kwa modemu ile. Katika Oktoba 1995, Bibi Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliitia shauri hiyo ya mistari minne katika mwongozo wa adabu za mtandao uitwao RFC 1855, na sababu aliyoitaja ni hiyo hiyo, kwamba wako watu wengi wanaolipa kwa dakika. Mwongozo huo ulisema pia kwamba kuandika kwa herufi kubwa tupu huonekana kama kupiga kelele.

Angalia, msomaji, kipimo hiki kilipimwa kwa nani. Hakikupimwa kwa mwenye mashine ya kasi, wala kwa profesa ambaye chuo ndicho kinachomlipia. Kilipimwa kwa yule mwenye waya wa polepole na mfuko mwepesi, aliye mwisho wa safu. Na hapa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Muadh bin Jabal (Mwenyezi Mungu amridhie) aliwasalisha watu Isha akawasomea Suratul Baqara. Alikuwapo nyuma yake mtu aliyekuwa ametwa na kazi mchana kutwa na ngamia wake wa kuchotea maji. Akaona hawezi, akajitoa safuni, akaswali peke yake. Muadh akamsema vibaya. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.), aliyekemewa hakuwa yule mchovu, alikuwa Muadh, akaambiwa asome sura fupi, kwani nyuma yake wako wazee, na wanyonge, na wenye haja zao.

Mtu angeweza kusema, "Lakini alichokisoma Muadh ni Kurani, ni kitu gani kizuri kuliko hicho?" Ndiyo hoja yenyewe. Uzuri wa kitu haukumwondolea Muadh lawama, kwa kuwa lawama haikuwa juu ya kitu, ilikuwa juu ya mzigo. Ikiwa hali ni hiyo katika Suratul Baqara, basi mwenye jahazi la nukta hana pa kusimama anaposema, "Lakini jahazi langu ni zuri." Ni zuri, naam. Nani atalibeba?

Katika habari za sahihi iko sehemu ambayo watu huisimulia wakicheka. Mimi nimeicheka, kisha nikaacha kucheka. Kiasi cha mwaka 1991 alitokea mgeni mmoja katika Usenet, mwenye kujiita kwa jina la kujitukuza la mbabe wa vita, na sahihi yake ilikuwa na upanga mkubwa uliochorwa kwa herufi, mrefu kupita haya. Wenyeji hawakumwandikia faragha wakamwambia, "Ndugu, upanga wako watuchosha." Walianzisha baraza zima kwa jina lake, wakajifanya wapenzi wake, na kazi ya baraza hilo ikawa kuchukua sahihi za watu zilizokuwa ndefu au mbaya, kuzitundika mbele ya kadamnasi, na kuzisifu kwa kejeli: Ajabu ya ustadi! Lulu ya sanaa! Kadiri sahihi ilivyokuwa mbaya, ndivyo sifa zilivyozidi.

Msomaji wa pwani anaijua silaha hii bila ya kufundishwa, kwani sifa za kinaya ndizo zinazouma kuliko matusi. Tusi lina mwisho wake, na mtu hulijibu. Sifa ya kinaya humwacha mtu hajui acheke au alie, na akilia huambiwa, "Kwani tumekutukana?" Tena wenye kuifanya kazi ile walijiona wapo katika haki: wao wanalinda njia ya watu wote isizibwe na mapambo ya mtu mmoja. Na kanuni waliyoisimamia ilikuwa ya haki, mimi naikubali. Lakini tazama walilolifanya. Ili waicheke sahihi ndefu, iliwapasa waitundike tena, pamoja na upanga wake wote, ili kila mtu aone kinachochekwa. Kwa hiyo wale wenye modemu za polepole, ambao kwa ajili yao ndipo pakawekwa kanuni, waliulipia upanga ule mara ya pili. Hivyo ndivyo dhihaka ilivyo. Huanza kwa kumtetea mnyonge, na haitimizi hatua kumi kabla haijamkanyaga.

Aya ya 11 ya Suratul Hujurat yakataza watu kuwadharau watu wengine, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kwa kuwa huenda wanaochekwa wakawa bora kuliko wanaocheka. Wengi hudhani aya hii yawahusu wanaomcheka mtu asiye na kosa. La. Anayechekwa aghalabu huwa ana kosa lake, na kosa hilo ndilo linalompa mchekaji kiburi. Yule mgeni mwenye upanga alikuwa amekosea, lakini yawezekana hakuna aliyepata kumwambia kwamba mtu mwingine, mji mwingine, analipa kwa dakika. Neno moja la faragha lingalitosha. Alilolipata ni uwanja mzima wa watu wanaompigia makofi.

Mambo ya kompyuta hayakai. Katika Mei 1997 kampuni ya America Online ya Marekani ilitoa programu ya kuzungumza kwa maandishi iliyojulikana kwa herufi tatu, AIM, na vijana wa Marekani wakaipenda mno, mpaka ilipofungwa tarehe 15 Desemba 2017. Humo kila mtu alikuwa na wasifu wake, tena wa rangi, na alikuwa na maneno ya kuonyesha kwamba hayupo. Msomaji atakumbuka lile faili la "mpango" la 1971. Ni kitu kile kile kimerudi, na kikaharibika vile vile. Maneno ya "sipo, nimekwenda kula" yakageuka kuwa beti za nyimbo, herufi moja kubwa moja ndogo, moja kubwa moja ndogo, na mawimbi na mabawa kila upande. Na beti zile hazikuwa za bure. Zilikuwa zimelengwa. Rafiki aliyekosana na rafikiye, au kijana aliyeachwa na mchumba, alichagua ubeti ambao watu mia wangeuona ni wimbo tu, na mtu mmoja angejua kuwa ameguswa yeye.

Sasa hapo, mama zangu na dada zangu, ni nani atakayejifanya hafahamu? Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina la kanga limebeba mafumbo ya mwambao huu kwa miaka mingi. Mke mwenza amelisoma, jirani amelisoma, wifi amelisoma. Lakini nadhani kanga ina hishima moja ambayo maneno ya AIM hayakuwa nayo. Anayevaa kanga ya kijembe huivaa mwilini mwake, akapita nayo mlangoni kwa mwenziwe, uso wake waonekana, na mwenziwe aweza kumwita akamuuliza, au shoga wa wote wawili akaingia kati. Maneno ya AIM yalisimama peke yake usiku kucha kama kibao, na mwenyewe hayupo. Au zaidi ya hayo, yupo! Kwani vijana wengi waliokuwa wameandika kwamba hawapo walikuwa wamekaa pale pale mbele ya kioo, wakingoja kuona kama aliyelengwa ameingia. Jambo dogo, watu watasema. Lakini kusema "sipo" nawe upo ni uongo hata ukipambwa kwa mabawa, na watoto waliufanya kila jioni pasi na mtu kuuita kwa jina lake.

Ya MySpace, iliyoanza mwaka 2003, nayapita upesi. Mle mtu aliweza kutia maagizo yake mwenyewe ya kupanga rangi, na wengi walitia herufi za njano juu ya waridi, vimetameta vikiwaka na kuzima, na muziki uanzao wenyewe saa sita za usiku. Macho yaliuma, na hakuna aliyekatazwa.

Lililo zito limekuja kwa mlango wa wanahisabati. Kanuni kubwa ya herufi za lugha zote, iitwayo Unicode, ilitiwa mwaka 2001 herufi za pekee kwa ajili ya hisabati: A nene, A ya kulala, A ya mkono, A ya Kijerumani cha kale, na kadhalika. Mwanahisabati azihitaji kwa kuwa kwake A ya mkono na A iliyosimama ni vitu viwili mbali mbali. Vijana wakagundua kwamba wanaweza kuyaandikia majina yao. Kwa jicho, Aisha aliyeandikwa kwa herufi hizo ni Aisha, tena amependeza. Kwa mashine si Aisha kabisa. Ni alama tano za hisabati zilizosimama pamoja.

Na wako watu ambao mashine ndiyo jicho lao. Kipofu hutumia simu kwa programu inayosoma kwa sauti kila kilichomo kiooni. Ikifika kwenye jina lile, programu nyingi husema: alama ya hisabati, A kubwa nene ya mkono, alama ya hisabati, i ndogo nene ya mkono, na hivyo mpaka mwisho, nyingine hunyamaza kimya kana kwamba hapana jina. Nyota saba mbele ya jina husomwa moja moja. Kwa hiyo mtu asiyeona akiingia katika mazungumzo ya jamaa zake, pale ambapo wengine wanaona "Aisha amesema kadha", yeye husikia msururu wa maneno yasiyo na mwisho, au husikia maneno yasiyo na mwenyewe. Hajui ni nani aliyemsalimu.

Wala hili si jambo lililozuka juzi. Tangu miaka ya 1980 walikuwako vipofu waliotumia kompyuta zenye kusema, na yule paka wa nukta na mikwaju kwao hakuwa paka; alikuwa "nukta, nukta, mkwaju, mabano" mpaka mtu achoke. Lakini katika ule ugomvi wa mistari minne, hoja zilizosikika zaidi ni za dakika na fedha. Dakika siku hizi si tatizo, na watu wakadhani kwa hivyo adabu nayo imekwisha muda wake. Wa mwisho wa safu alikuwako tangu zamani. Waya zilipopata kasi, waliokuwa mbele yake waliondoka, akabaki yeye.

Nimekuwa nikifikiri habari ya Abdullah bin Ummi Maktum, na Sura ya Abasa iliyoteremka kwa sababu yake. Alimjia Mtume (S.A.W.) akitaka kufundishwa, na wakati huo Mtume alikuwa akishughulika na wakubwa wa Makureshi, akitaraji kusilimu kwao. Yule kipofu akakatiza maneno. Uso ukakunjwa, ukageuzwa. Habari hii tumeisikia tangu chuoni, lakini pana jambo moja ndani yake ambalo sote twalipita mbio. Ibn Ummi Maktum alikuwa haoni. Uso uliokunjwa hakuuona. Kama mas-ala ni maudhi aliyoyaona kwa jicho lake, basi hakuna alichokiona. Na juu ya hivyo aya ziliteremka, zasomwa mpaka leo. Naye baadaye alikuwa mwadhini pamoja na Bilal, na Mtume akamwachia Madina mara kadhaa alipokuwa safarini.

Basi asije mtu akaniambia, "Hakuna kipofu aliyepata kunilalamikia juu ya jina langu." Atalalamika vipi, naye hajui hata kuwa hapo pana jina?

Je, tutupe mapambo yote? Sisemi hivyo, na sioni kwamba dini yetu yasema hivyo. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali akiwa amevaa nguo yenye mapambo, alama zake zikamvuta macho katika swala. Alipomaliza aliagiza nguo ile ipelekwe kwa Abu Jahm, na yeye aletewe nguo ya Abu Jahm isiyo na mapambo. Hakuichana, wala hakuiita haramu. Aliiondoa pale ilipokuwa inamshughulisha mtu na jambo alilolikusudia.

Na pambo laweza kuwa mtumishi. Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, aliona wenziwe wanagombana kwa kuwa maandishi hayana uso, na mzaha wa mtu huchukuliwa kuwa ni kweli. Akapendekeza alama tatu, nukta pacha, kistari na bano, ambazo ukilaza kichwa huwa uso unaocheka, ziwekwe baada ya mzaha. Alama tatu tu, na humwambia msomaji jambo analolihitaji. Huo mimi nauita uremba halali wa maandishi.

Hata watu wa sahihi, kabla hawajaingia katika kuchekana, walikuwa na desturi moja ambayo napenda tuichukue. Kati ya barua na sahihi waliweka mstari wenye vistari viwili na nafasi moja tupu. Mstari huo uliiambia mashine ya msomaji: maneno ya mtu yamekwisha hapa, yanayofuata ni mapambo yake. Msomaji akitaka ayasome, asipotaka mashine iyakate. Mpambaji hakunyimwa pambo lake, na msomaji hakunyimwa njia ya kupita. Kwa simu zetu maana yake ni nyepesi: jina na liandikwe kwa herufi za kawaida, peke yake, lisomeke kwa kila mtu na kwa kila mashine, maua na nyota, kama lazima ziwepo, zikae katika yale maelezo ya chini ambayo mtu huyafungua kwa hiari yake, nazo ziwe chache.

Kuhusu wanaotia aya za Kurani katika wasifu, hukumu yake nawaachia maulamaa. Nitakumbusha tu kwamba Imamu Nawawi, ambaye sisi watu wa mwambao twamfuata katika mengi, ameeleza katika kitabu chake cha At-Tibyan kuwa katika madhehebu yetu ni makuruhu kuchora Kurani na majina ya Mwenyezi Mungu katika kuta na nguo. Anayeikata aya katikati kwa vimetameta mpaka herufi zake zikaachana, au anayeichagua aya ya adhabu ili jirani aliyegombana naye aisome usiku, na ajiulize ameiweka pale kwa ajili ya nani.

Liko jambo ambalo wazee wa nyumba waweza kulifanya leo bila ya ugomvi. Simu nyingi za sasa zina ile sauti ya kuwasomea wasioona, imo ndani yake, na hufunguliwa katika mipangilio. Mwambieni kijana aiwashe, afumbe macho, afungue wasifu wake mwenyewe, asikilize anavyoitwa. Ila kwanza ajifunze namna ya kuizima, kwani ikishawaka, kioo hakiguswi tena kama alivyozoea, na atakuja kuwasumbua nyinyi.